Harusi ndani ya Ngome Kongwe: ni sehemu gani ya harusi yetu inayofaa kuingia pale?

Mwanzishaji wa uzi (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalamu alaykum, wanajamvi.

Mtoto wa marehemu kaka yangu ameposwa, posa imejibiwa na mahari yamekubaliwa. Baba yake hayupo, babu yake hayupo, na hakujaaliwa ndugu wa kiume, kwa hiyo mimi ami yake ndiye walii wake. Katika mambo yote ya harusi ameniachia mimi na mama zake tuamue, isipokuwa moja: anaomba harusi yake ifanyike Ngome Kongwe. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimchukua Forodhani jioni za Ijumaa, na kabla ya kurudi nyumbani wakiingia ngomeni, wakikaa kwenye ngazi za ukumbi wa wazi mpaka adhana ya Magharibi. Hakunieleza hayo kwa maneno mengi, lakini nilimfahamu, na tangu siku hiyo sijaweza kulitupa ombi lake.

Tulipokaa barzani, wazee walitoa kauli mbili. Wengine wamesema kuwa ngome ni mahali pa watalii na matamasha, na kwamba mtoto wa kike wa nyumba yenye heshima haolewi mahali ambapo kila mpita njia anaingia. Wengine wamesema kuwa ngome ni yetu kabla haijawa ya mtalii, na kwamba aibu kubwa zaidi ni sisi wenyewe kuiona kama nyumba ya wageni. Mimi nimesikiliza pande zote mbili na nimeona kuwa zinajibu swali ambalo si lenyewe. Harusi yetu si jambo moja linalofanyika mahali pamoja kwa saa mbili. Ina singo, yaani kumsugua biharusi mwili kwa manukato, na hina, ina ndoa yenyewe, ina walima, ina siku ya kumpeleka bwana harusi ampe mkono mkewe, ina kuonesha biharusi mbele ya wanawake, kisha ina fungate. Swali langu kwenu ni hili: kati ya hayo yote, lipi linaweza kuingia ndani ya kuta zile likakaa kwa heshima yake, na lipi liachwe nje?

Kwa walio mbali na Unguja, Ngome Kongwe iko mbele ya bustani ya Forodhani, ubavuni mwa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Waomani waliijenga baada ya Wareno kuondolewa katika mwambao huu mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo bado yamo ndani ya kuta. Imekuwa kambi ya askari na imekuwa gereza katika karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumiwa na reli iliyokuwa ikienda Bububu, na katika miaka ya 1940 kiwanja chake kilikuwa klabu ya wanawake. Ukumbi wa wazi wenye ngazi tunaoujua leo ulijengwa katika miaka ya 1990, na humo ndimo tamasha la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi tangu 2004. Yaani jengo hili limebadilishiwa kazi mara nyingi kuliko jengo lolote ninalolijua mjini, na sioni kuwa kuingiza harusi ndani yake ni kulivunjia ada. Ninachoogopa ni kuingiza kitu kisichofaa, au kukiingiza vibaya.

Naomba wenye ujuzi waseme, na wenye pingamizi waseme pia.

Mchangiaji wa pili (fundi wa majengo ya chokaa, Malindi)

Waalaykumu salaam, Ami. Nakupongeza kwa posa, na Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako.

Mimi nitasema kuhusu ukuta tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kuta za mji huu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, udongo na mchanga. Chokaa ina sifa moja ambayo saruji haina: inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hupita ndani yake na kutoka. Ukiziba mahali kwa saruji, au kwa rangi ya mafuta, maji hubaki ndani, chumvi huganda, na jiwe huanza kumumunyika kutoka ndani huku usoni likionekana zima. Kwa hiyo tundu la msumari ambalo mpambaji huliona kuwa dogo si dogo, kwa kuwa kesho yake huja mtu mwenye nia njema akaliziba kwa saruji ili lisionekane, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja kongwe baada ya sherehe, nikakuta tundu zaidi ya ishirini zilizotobolewa kwa mashine ili kuning'iniza vitambaa, zote zimezibwa kwa saruji usiku uleule. Kazi ya kuzifungua na kuzirudishia chokaa ilichukua siku nyingi kuliko sherehe yenyewe.

Mkikubaliwa, basi mapambo yote yasimame yenyewe. Wekeni fremu za chuma au za mbao, mzielemeze kwa mifuko ya mchanga chini, na msifunge chochote kwenye meno ya ukuta wala kwenye minara. Wapishi wabaki nje ya ngome, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakishaingia kwenye tumbawe hayatoki, na moshi wa kuni huacha weusi ambao watu baadaye huusugua kwa maji na brashi ngumu, wakaondoa chokaa yenyewe. Chakula kije kimeshapikwa. Jenereta likae nje vilevile. Wageni wasipande minarani kupiga picha, hasa watoto.

Kuhusu sauti nitasema kwa uchungu kidogo. Beit al-Ajaib, jirani wa ukuta kwa ukuta, ilijengwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ulianguka ukiwa katika matengenezo, watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi kuwa muziki uliiangusha, maana si kweli. Ninasema kuwa majengo haya huonekana yana nguvu mpaka siku ile yasipokuwa nayo, na anayeyatumia ana wajibu wa kuyahurumia. Spika kubwa za kuegemezwa ukutani, ambazo ukiweka mkono juu ya jiwe unalihisi likitetemeka, mimi nisingeziruhusu.

Mchangiaji wa tatu (mpambaji wa maharusi, Mwembetanga)

Kaka yangu, nimeusoma uzi huu mara mbili na nimefurahi kwamba umeigawa harusi vipande, kwa sababu wengi huja kwetu wakiwa na picha ya mahali, hawana picha ya harusi.

Nianze na kuonesha biharusi. Tafadhalini msiiingize ngomeni. Ile ni siku ya wanawake peke yao, ambapo buibui huvuliwa mlangoni, nywele huonekana, shingo na mikono yenye hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, huonekana, na biharusi hukaa juu ya jukwaa akiwa amepambwa kwa ajili ya macho ya wanawake wenzake. Kuta za ngome ni ndefu, lakini zilijengwa kumzuia adui anayekuja kutoka baharini, hazikujengwa kumsitiri mwanamke anayetazamwa kutoka juu. Kuzunguka pale pana mapaa na roshani, na siku hizi pana simu zinazovuta picha kutoka mbali na vile vyombo vinavyoruka na kamera. Mtaweka turubai juu ya kiwanja chote? Mkiweka, mtakuwa mmeijenga kumbi ya kawaida ndani ya ngome, joto litawaua bibi zetu, na ngome yenyewe haitaonekana. Nimesoma hapo juu kuwa kulikuwa na klabu ya wanawake mle, na limenigusa sana, lakini wakati ule hapakuwa na simu.

Singo na hina ni mambo ya ndani ya nyumba, ya somo, yaani mwanamke anayemfunda biharusi, na mwari wake, na sidhani kuwa yupo anayefikiria kuyatoa. Kinachobaki ni ndoa na walima, pamoja na usiku wa taarab wa familia mbili kama mnautaka.

Mkichagua jioni, jueni kuwa kiwanja hubaki na joto la jua mpaka baada ya Alasiri, kisha hupoa vizuri. Asumini itungwe siku hiyohiyo, ifike baada ya jua kuzama, kwa sababu ua lile hufunguka usiku na ndipo harufu yake inapojaa; ukileta vikuba, vile vishada vya maua, mchana, kufika wakati wa wageni vimeshanyauka. Rehani na mkadi huvumilia zaidi. Mashada ya plastiki msiyapeleke mahali kama pale, nawaomba. Ukuta ule una rangi yake ya kahawia iliyopikwa na jua kwa miaka mia tatu, na hauhitaji zaidi ya majani ya mnazi yaliyosukwa, mikeka ya rangi, na taa za chini zenye mwanga wa manjano. Vyetezo vya udi vikae juu ya meza, mbali na vitambaa.

Jambo ambalo watu hulisahau ni wazee. Ngazi za ukumbi hazina mahali pa kuegemea mgongo, na bibi wa miaka themanini hawezi kukaa pale saa tatu. Wekeni viti vya kuegemea chini, karibu na mlango, na mhesabu vyoo kabla hamjahesabu sahani.

Mchangiaji wa nne (Shangani)

Mimi ni mmoja wa wenye pingamizi, na nitalieleza kwa adabu. Wazee wetu waliiita ngome ile Gereza, na neno lenyewe gereza tulilichukua kwa Wareno, kutokana na neno lao la kanisa. Kwa hiyo mahali pale palikuwa kanisa, kisha pakawa pa kufungia watu. Inakuwaje tuchukue jambo la baraka kama ndoa tulipeleke mahali ambapo watu walilia? Mji huu una misikiti mingi mno ya kufungia ndoa, na una nyumba zenye sebule.

Mwanzishaji wa uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa kulisema waziwazi, kwa sababu jambo hilo lilinikosesha usingizi hata mimi. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu nikamweleza kama ulivyoeleza wewe. Akanijibu kuwa nguzo za ndoa ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali, na kwamba mahali si nguzo. Lakini akaongeza kuwa kufunga ndoa msikitini ni jambo linalopendeza, na akaniuliza kwa nini nimwondolee mtoto yatima pambo hilo wakati msikiti uko hatua chache. Nimekubaliana naye, na nadhani hapo tumekutana mimi na wewe: ndoa itafungwa msikitini baada ya Alasiri, kama walivyoozwa mama yake na bibi yake.

Kuhusu kilio cha waliofungwa pale, naona tofauti kidogo. Tukiviacha kando vyote vilivyoshuhudia dhiki katika mji huu, hatutabakiwa na mtaa wa kupita. Mimi ningependa mtoto wetu aambiwe kabla ya siku yake kuta zile zimeona nini, ili anapoingia aingie akijua, na dua ya mwanzo ya walima iwataje waliotangulia mahali pale. Hilo nitamwomba imamu.

Fundi, maneno yako nimeyaandika yote kwenye daftari. Suala la sauti nimelifikiria hivi. Inasimuliwa kuwa ni Sayyid Barghash huyohuyo aliyejenga Beit al-Ajaib ndiye aliyeileta taarab Unguja kutoka Misri, ikapigwa kwanza katika majumba yake, na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kikaanzishwa mwaka 1905. Yaani muziki ule ulizaliwa kwetu hatua chache kutoka ukuta wa ngome, wakati ambapo hapakuwa na spika. Udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki katika kiwanja kilichozungukwa na mawe vinasikika bila kupaazwa sana, na mwimbaji akiwa mzuri, hata neno la fumbo halipotei. Kwa hiyo nataka taarab ya kukaa na kusikiliza, yenye watunzaji, yaani wanaomtuza mwimbaji, wanaoinuka mmoja mmoja kwa taratibu, wala si ya kurukaruka mpaka usiku wa manane. Vijana wa familia wamenuna kidogo. Nimewaahidi kuwa watapata usiku wao katika ukumbi mwingine.

Dada mpambaji, kuonesha kumetoka ngomeni. Mama zake walipoyasoma maneno yako walisema alhamdulillah, kumbe nao walikuwa wakiliogopa hilo lakini hawakutaka kumvunja moyo mtoto.

Mchangiaji wa tano (Chake Chake, Pemba)

Nasalimia kutoka kisiwa cha pili. Sisi hapa Chake tulikuwa na ngome yetu, nayo sehemu kubwa ilivunjwa kupisha hospitali, na kilichobaki sasa ni makumbusho. Ni jengo dogo ambalo huwezi kuingiza harusi ndani yake hata ukitaka. Nikipita pale huwa najaribu kuukamilisha ukuta kwa macho, kwamba ulipita hapa ukageuka pale, na siwezi. Kwa hiyo mnapojadiliana kama ngome yenu inafaa kwa walima au kwa taarab, mimi naona mna neema ya kujadili kitu kizima.

Nina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni kalenda. Harusi zetu hufuata miandamo: watu hujazana Shaabani kabla ya Ramadhani, kisha Mfungo Mosi na Mfungo Pili, miezi miwili inayoifuata Ramadhani. Mvua haifuati mwezi mwandamo. Mfungo Pili unaweza kuangukia katikati ya masika, na kiwanja kisicho na paa hakina pa kukimbilia. Wekeni kalenda mbili juu ya meza moja. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huja kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na kati yake, wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mbingu ni kavu zaidi ingawa upepo huwa mkali na utawazimia mishumaa. Halafu angalieni siku za matamasha, maana Februari ngome huwa imeshachukuliwa.

La pili ni sisi jamaa wa Pemba. Mkianza walima saa mbili usiku, sisi hatuna chombo cha kurudi, tutalala kwenu sote. Si neno baya, lakini mlijue mapema.

Mchangiaji wa sita

Ami, ningekushauri pia uangalie magofu ya Mtoni, mahali alipozaliwa Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwaka 1844, au Maruhubi, kasri ya Sayyid Barghash iliyoungua mwaka 1899. Yote yako nje ya mji, yana upepo wa bahari, na hakuna msongamano wa magari kama wa Mizingani.

Mwanzishaji wa uzi

Nilikwenda kote kuwili na mke wangu. Maruhubi ni pazuri kiasi cha kumnyamazisha mtu, zile nguzo zimesimama peke yake kama watu waliosahauliwa na safari. Lakini baba yake hakumpeleka Maruhubi. Katika jambo hili hilo linanitosha.

Hivi ndivyo tulivyoafikiana jana usiku barzani, na nimeyaweka hapa ili anayeliona kosa aniambie kabla sijaipeleka barua. Singo na hina zitabaki nyumbani kwa bibi yake. Ndoa itafungwa msikitini, wanaume watatoka na bwana harusi akiwa na joho na kilemba, dufu mbele, wapite Forodhani kwa miguu mpaka lango la ngome. Ndani patakuwa na walima: biriani na halua na kahawa, mikeka upande mmoja na viti vya wazee upande mwingine, wanaume na wanawake kila upande wake kwa stara, na taarab mpaka saa nne na nusu usiku. Bwana harusi atampa mkono mkewe nyumbani. Kuonesha kutafanyika siku ya pili katika ukumbi uliofunikwa, milango imefungwa na simu zimeachwa mlangoni. Tumechagua Mfungo Sita, ambao mwaka huu unaangukia kwenye kusi, na kwa kuwa ni mwezi wa maulidi, tutafungua kwa maulidi kabla ya taarab. Jamaa wa Pemba wataandaliwa pa kulala.

Barua itakwenda kwa ofisi inayoisimamia ngome, na nakala kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwa kuwa mji wote ule umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na sitaki kuambiwa baadaye kuwa nilipita mlango wa nyuma. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, nimeshamwona. Katika barua nimeomba fundi wa chokaa aukague ukuta pamoja nasi kabla ya harusi, na aukague tena asubuhi yake, gharama juu yetu. Fundi wa Malindi, kama utakubali, ningependa awe wewe.

Liko swali moja ambalo bado sijalijibu, nalo ndilo lililoanzisha yote. Kama ndoa iko msikitini, kumpa mkono kuko nyumbani na kuonesha kuko ukumbini, basi biharusi mwenyewe ataingia lini ngomeni, ikiwa usiku wa walima kwa ada yetu yeye hukaa ndani?

Mchangiaji wa tatu (mpambaji wa maharusi, Mwembetanga)

Mpeleke wewe, kaka, kabla ya harusi, jioni ya Ijumaa, kwa buibui lake, bila mpambaji na bila mpiga picha. Kaeni kwenye zile ngazi mpaka Magharibi. Walima ni wa watu, lakini ile ngome aliyoiomba ni ile ya baba yake.

Mwanzishaji wa uzi

Nimemsomea maneno yako. Ameomba twende Ijumaa hii.